Jina lisipotunzwa hupotea: kutoka .zr hadi .cd, na somo lake kwa Butembo na Beni

Katika biro za Butembo na Beni, maneno «rezo imekufa» husikika karibu kila siku. Mara nyingine ni kweli: umeme umekatika, jenereta haina mafuta, au kampuni ya simu ina tatizo upande wake. Lakini mara nyingi rezo iko hai kabisa. Waya umechomekwa vizuri, taa ya ruta inawaka, na kompyuta mbili zilizo katika chumba kimoja zinaweza kupashana habari bila shida. Kilichopungua ni kitu kimoja tu: kompyuta imepewa jina la kutafuta, na haijui jina hilo ni la mashine gani.

Ni sawa na mgeni anayeshuka kwenye gari mjini Butembo na kuuliza «kwa Kambale ni wapi?» Njia iko, nyumba iko, na Kambale mwenyewe yuko. Lakini bila mtu wa kumwambia ni Kambale gani na anakaa mtaa gani, mgeni atazunguka mpaka giza liingie.

Kazi ya kugeuza jina kuwa mahali ina historia ndefu. Ilianzia California, ikapita Kinshasa wakati Zaïre ilipoanguka, na mwishoni mwa mwaka 2020 nusu ya mlango wa majina ya intaneti ya Kongo iliachwa wazi, ikiuzwa kwa yeyote mwenye pesa kidogo. Ni historia inayowahusu wakaaji wa Kivu ya Kaskazini kuliko wengi wanavyofikiri.

Namba ni za mashine, majina ni ya watu

Kila kompyuta iliyo kwenye rezo ina namba yake. Katika biro ndogo, namba hiyo mara nyingi huanza na 192.168. Mashine hazihitaji kitu kingine, kwa maana namba inatosha kupeleka barua, picha au malipo mahali panapotakiwa. Binadamu ndiye hawezi kukumbuka namba hizo zote, ndiyo maana mashine zikapewa majina.

Lakini majina nayo yana shida yake. Katika eneo hili watu wanaijua shida hiyo vizuri, kwa sababu Wanande huwapa watoto majina kufuata mpangilio wa kuzaliwa. Paluku, Kambale, Kasereka, Kakule, Katembo, Mbusa: ukiita mojawapo sokoni, watu kumi wanaweza kugeuka. Ili kumpata mmoja, lazima uongeze jina jingine, kisha ukoo, kisha mtaa, kisha komine: Bulengera, Kimemi, Mususa au Vulamba kwa Butembo, Beu, Bungulu, Mulekera au Ruwenzori kwa Beni. Jina fupi linatosha ndani ya nyumba. Nje ya nyumba linahitaji kusindikizwa.

Kuna sababu nyingine iliyo nzito zaidi. Mahali pa mtu hubadilika, jina lake hubaki. Tangu mauaji yaanze kuzunguka Beni mwezi wa Oktoba 2014, familia nyingi zimekimbia kutoka vijijini kwenda Oicha, kutoka Oicha kwenda Beni, na kutoka Beni kwenda Butembo. Anayemtafuta ndugu yake huuliza kwa jina, na anayejibu lazima awe na habari mpya. Habari ya mwezi uliopita inaweza kumpeleka kwenye nyumba tupu. Kompyuta nazo ziko hivyo: namba inaweza kubadilika leo jioni, na jina linabaki na maana ikiwa tu kuna mtu anayeandika upya mahali palipobadilika.

Orodha moja kwa ulimwengu mzima

Katika miaka ya 1970, rezo iliyokuja kuzaa intaneti iliitwa ARPANET, na ilikuwa ya Marekani. Mashine zake zilikuwa chache kiasi kwamba majina yote yaliweza kuandikwa kwenye faili moja. Faili hilo lilitunzwa Menlo Park, California, katika taasisi ya utafiti ya Stanford, na kikundi kilichoongozwa na Elizabeth Feinler. Chuo kilichopata kompyuta mpya kilipaswa kuwasiliana na kikundi hicho, jina na namba viandikwe kwenye orodha, halafu mashine nyingine zote zichukue nakala mpya.

Mpango huo ulifanya kazi kwa miaka mingi kwa sababu watu walijuana. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1980 mashine zilikuwa mamia, na orodha ikaanza kuelemewa. Nakala zilichelewa. Watu wawili wangeweza kutaka jina moja. Kila badiliko dogo, hata la chumba kimoja cha chuo kimoja, lilipaswa kupitia biro moja ya California na kufuata saa zake za kazi.

Mwaka 1983 Paul Mockapetris, aliyefanya kazi pamoja na Jon Postel katika Chuo Kikuu cha Southern California, alitoa mpango mwingine. Badala ya orodha moja, majina yagawanywe kama utawala wa nchi. Juu kabisa kuna shina linalojua tu nani anasimamia kila mwisho wa jina, kama .com au .org, na baadaye miisho ya nchi. Msimamizi wa mwisho huo anajua nani anasimamia kila jina lililo chini yake. Mwenye jina hilo naye anajua mashine zake mwenyewe. Hakuna anayejua yote, lakini kila mmoja anajua wa kuuliza. Huo ndio mfumo wa majina ya domeni, unaojulikana kwa herufi DNS, na ndio unaotumika mpaka leo kila mara mtu anapofungua ukurasa kwenye simu yake.

Mpango huo ulikuwa na faida kubwa na hatari moja. Faida ni kwamba kila mtu akawa na mamlaka juu ya majina yake bila kuomba ruhusa California. Hatari ni kwamba akilala mmoja kati ya wasimamizi wa juu, wote walio chini yake wanapotea pamoja naye.

Faili la zamani bado liko ndani ya kompyuta ya biro

Wengi hawajui kwamba orodha ile ya miaka ya 1970 haikufa. Ilibaki ndani ya kila kompyuta kama faili dogo linaloitwa hosts. Kwenye Linux liko katika /etc/hosts. Kwenye Windows liko katika C:\Windows\System32\drivers\etc\hosts. Mara nyingi kompyuta hulisoma faili hilo kwanza kabla ya kuuliza nje. Kwenye Linux utaratibu huo umeandikwa wazi katika faili jingine, /etc/nsswitch.conf, kwa mstari huu:

hosts: files dns

Maana yake ni rahisi: ukitafuta jina, angalia kwanza faili la nyumbani, kisha uulize DNS. Na DNS ya kuuliza ni ipi? Namba yake imeandikwa katika /etc/resolv.conf, na kwa kawaida ni ruta ndiyo inayoitoa kompyuta inapowashwa.

Hapa ndipo historia inapogeuka kuwa msaada kwa biro ya kawaida ya Butembo au Beni. Tuseme shule au kituo cha afya kina kompyuta tano na moja kati yake inashika hesabu. Biro haihitaji intaneti ili kompyuta nne nyingine ziifikie ile ya tano. Inatosha kuandika mstari mmoja katika faili la hosts la kila moja:

192.168.1.10 hesabu

Kuanzia hapo, mtu akiandika «hesabu», kompyuta inajua pa kwenda hata kama hakuna tone la intaneti kutoka nje. Ila kuna sharti moja: ruta iambiwe isibadilishe namba ya mashine hiyo. Ruta nyingi hugawa namba upya umeme ukikatika na kurudi, na katika miji hii umeme hukatika mara nyingi. Namba ikibadilika, mstari ule unaelekeza kwenye mashine isiyo yenyewe, na biro nzima inasema tena «rezo imekufa».

Kujua ugonjwa uko wapi si kazi ngumu. Fundi huanza kwa kuita namba, kwa amri ping 192.168.1.10. Kisha huita jina, kwa amri ping hesabu. Namba ikijibu na jina likakataa, rezo ni nzima. Ugonjwa uko kwenye majina. Namba nayo isipojibu, aende aangalie waya, ruta na umeme. Hatua hizo mbili huokoa saa nyingi, na mara nyingine huokoa pesa za kumlipa mtu aje kubadilisha kifaa ambacho hakikuharibika.

Faili hilo dogo lina upande mbaya pia. Kwa kuwa kompyuta huliamini kabla ya kitu kingine, virusi vingi vimelitumia kumpeleka mtu kwenye ukurasa wa uongo wakati yeye ameandika jina sahihi la benki yake. Ndiyo sababu mifumo ya kompyuta hairuhusu kila mtumiaji kuliandika. Anayelishika ndiye anayeamua jina lina maana gani kwenye mashine hiyo. Neno hilo lina ukweli uleule kwenye meza ya biro na kwenye meza ya nchi.

Nchi inabadilisha jina: .zr inazikwa, .cd inazaliwa

Kila nchi ilipewa herufi mbili za mwisho wa jina. Herufi hizo hazikuchaguliwa na watu wa intaneti. Jon Postel, aliyesimamia shina la majina kwa miaka mingi, alikataa kuwa mwamuzi wa nchi ni ipi na ipi si nchi. Alifuata orodha ya kimataifa ya ISO 3166, na katika mwaka 1994 aliiandika kanuni hiyo wazi. Katika orodha hiyo Zaïre, jina lililotangazwa na Mobutu tarehe 27 Oktoba 1971, ilikuwa na herufi ZR. Hivyo mwisho wa kwanza wa majina ya nchi hii kwenye intaneti ulikuwa .zr.

Kisha vita vikaja. Mwishoni mwa 1996 wapiganaji wa AFDL walipita Beni na Butembo, na tarehe 17 Mei 1997 waliingia Kinshasa. Laurent-Désiré Kabila akarudisha jina la Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mwaka huohuo orodha ya ISO iliondoa ZR na kuweka CD, na mwezi wa Agosti 1997 mwisho wa .cd ukafunguliwa. Ule wa .zr haukufa siku hiyohiyo. Uliachwa kwa muda ili waliokuwa nao wahame, na mwaka 2001 ukafutwa kabisa kwenye shina. Tangu hapo, jina lolote linaloishia na .zr halipatikani popote duniani, hata kama mashine yenyewe bado inafanya kazi.

Si kila nchi iliyokufa ilipoteza herufi zake. Umoja wa Kisovieti ulivunjika mwaka 1991, lakini .su yake bado inatumika. Yugoslavia nayo ilitoweka kwenye ramani, na .yu ikafutwa mwaka 2010 tu. Kwa hiyo uhai wa jina la nchi kwenye intaneti hautegemei bendera peke yake. Unategemea pia mtu anayeendelea kulitunza.

Kuna jambo jingine katika miaka ile ambalo watu wa eneo hili wanapaswa kulikumbuka. Tangu 1998 Kongo iligawanyika. Beni na Butembo zilikuja kuwa chini ya RCD-K/ML ya Mbusa Nyamwisi, Goma chini ya RCD nyingine, Gbadolite chini ya MLC, na Kinshasa chini ya serikali. Kwa miaka hiyo mfanyabiashara wa Butembo alikuwa karibu zaidi na Kasindi, Kampala na Mombasa kuliko na mji mkuu wake. Habari nyingi kati ya miji zilipita kwenye fonie. Lakini kwenye shina la majina hapakuwa na .cd ya Beni, .cd ya Goma na .cd ya Kinshasa. Ilikuwa moja tu. Serikali ya mpito ya 2003 ilipoanza kuunganisha nchi, katika sehemu hiyo moja hapakuwa na kitu cha kuunganisha.

Hata hivyo .cd haikuwa mikononi mwa dola mwanzoni. Ilisimamiwa kwa njia ya kibinafsi, na herufi zake ziliwavutia pia watu wa mbali wasiojua Kongo, kwa kuwa zilifanana na jina la sahani za muziki. Baadaye serikali ilidai isimamiwe na shirika lake la posta na simu, OCPT, ambalo leo linaitwa SCPT. Dai hilo lilikuwa na haki: jina la nchi liwe mikononi mwa nchi. Lakini kupewa jina ni siku moja, na kulitunza ni kazi ya kila mwaka.

Desemba 2020: jina lililosahaulika

Ili mtu apate jina linaloishia na .cd, mashine zake lazima ziulize serveri zilizokabidhiwa .cd yote. Mwaka 2020 serveri hizo zilikuwa nne. Mbili zilikuwa za Afrika Kusini. Mbili nyingine zilikuwa na majina yaliyo chini ya domeni moja: scpt-network.com. Domeni hiyo, kama domeni yoyote ya .com, hulipiwa kwa muda fulani. Muda ukiisha bila malipo, hungojea kidogo, kisha huachwa iuzwe kwa mtu yeyote.

Ndivyo ilivyotokea. Mtafiti wa usalama kutoka Sweden, Fredrik Almroth wa kampuni ya Detectify, aliona kwamba domeni hiyo haikulipiwa na inaelekea kuachwa. Mwishoni mwa Desemba ilipoachwa, aliinunua yeye kabla haijanunuliwa na mwenye nia mbaya. Kwa bei ya domeni ya kawaida, mtu mmoja aliyekaa Ulaya akajikuta ameshika serveri mbili kati ya nne za majina yote ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Inafaa kusimama hapa na kufikiri maana yake. Banki Kuu ya Kongo inatumia bcc.cd. Tume ya uchaguzi inatumia ceni.cd. Biro za serikali zinatumia gouv.cd, Chuo Kikuu cha Kinshasa kinatumia unikin.ac.cd, na magazeti kama Actualite.cd na 7sur7.cd yanabeba herufi hizo ndani ya jina lenyewe. Mwenye kushika serveri zile angeweza kujibu swali la «bcc.cd iko wapi?» kwa namba aliyoitaka yeye. Angeweza kupokea barua pepe zisizo zake, na hata kujipatia vyeti vya kuonyesha kwamba ukurasa wake wa uongo ni wa kweli. Mkaaji wa Butembo aliyeandika jina bila kukosea hata herufi moja angepelekwa kwa mwizi, na kompyuta yake isingemwonya.

Almroth hakufanya hivyo. Aliiacha domeni ile isijibu, ili maswali yaende kwenye serveri mbili zilizobaki, kisha mwanzoni mwa Januari 2021 akawajulisha wasimamizi wa .cd. Hao hawakungojea kurudishiwa jina la zamani. Walifungua jipya, scpt-network.net, na shina la majina likarekebishwa. Kisa hicho kilitangazwa kwa ulimwengu katikati ya Januari 2021. Watumiaji wengi wa Kongo hawakuona tofauti yoyote, na hiyo ndiyo inayotisha: mlango ulikuwa wazi, na hakuna aliyesikia baridi.

Hapakuwa na vita wala udukuzi wa ajabu. Ilikuwa ankara ambayo hakuna aliyeilipa. Shina lilikuwa sawa, .cd ilikuwa sawa, sheria ilikuwa sawa. Kilichokosekana ni mtu mmoja mwenye daftari na tarehe.

Jina haliwezi kufungua njia iliyofungwa

Watu wa Beni na Butembo wana sababu nyingine ya kutofautisha jina na njia. Tarehe 26 Desemba 2018 tume ya uchaguzi ilitangaza kwamba kura katika Beni, Butembo na Yumbi zimeahirishwa mpaka Machi 2019, kwa sababu ya Ebola na usalama. Nchi nyingine ilipiga kura tarehe 30 Desemba. Kesho yake, tarehe 31, intaneti ilikatwa, na haikurudi mpaka karibu tarehe 19 Januari 2019. Haikuwa mara ya kwanza: ujumbe mfupi wa simu ulizuiwa Desemba 2011, intaneti ilikatwa Januari 2015, na mitandao ya kijamii ilibanwa Desemba 2016.

Wakati huo Ebola, iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 baada ya kuonekana Mangina, ilikuwa bado inaua. Ilipokwisha mwezi wa Juni 2020 ilikuwa imewapata zaidi ya watu 3,400, na zaidi ya 2,200 kati yao walikufa. Mwanzoni mwa 2019, timu zilizofuatilia wagonjwa na watu waliokutana nao zilikuwa kazini Butembo na Katwa, na kazi hiyo yote ni kazi ya majina na mahali: nani, wa nani, anakaa wapi leo. Wiki tatu za ukimya zilikuja katika kipindi hicho.

Siku kama hizo, shauri la haraka husambaa: «badilisha DNS». Shauri hilo lina ukweli nusu. Kuna nchi ambako serikali huzuia ukurasa kwa kuziamuru kampuni zitoe jibu la uongo kwenye majina. Uturuki ilifanya hivyo Machi 2014, na vijana wa Istanbul waliandika ukutani namba 8.8.8.8, ambayo ni DNS ya Google iliyo wazi kwa wote. Kwa kubadilisha anayeulizwa, walipata jibu la kweli kwa muda. Lakini njia yenyewe ikikatwa, kama Kongo mwezi ule wa Januari, hakuna DNS itakayosaidia. Kujua nyumba ya Kambale hakukupeleki kwake ikiwa daraja limebomolewa.

Kinachosaidia siku hiyo ni kile kisichohitaji daraja: rezo ya ndani. Biro yenye serveri yake, orodha yake na majina yake katika faili la hosts huendelea kufanya kazi ndani ya kuta zake. Biro iliyoweka kila kitu ng'ambo hukaa na kungoja. Wazo hilohilo liko katika kiwango cha nchi: tangu 2002 Kinshasa ina KINIX, mahali ambapo kampuni za intaneti hubadilishana habari za ndani bila kuzipitisha Ulaya au Marekani.

Somo la karibu

Ni rahisi kuinyooshea Kinshasa kidole kwa kisa cha 2020. Lakini ukiangalia mashirika, shule, redio na biashara za Grand Nord, ugonjwa ni uleule kwa ukubwa mdogo. Kijana aliyeunda ukurasa aliandikisha domeni kwa barua pepe yake mwenyewe, kisha akaenda kusoma Kampala au kutafuta kazi Goma. Mwaka unapita, ujumbe wa kulipia unafika mahali ambapo hakuna anayesoma, na siku moja jina lililojulikana kwa miaka linaonyesha matangazo ya kamari. Chama bado kipo, lakini jina si lake tena.

Dawa yake haihitaji fundi mkubwa. Jina liandikishwe kwa niaba ya chama au shule yenyewe, kwa barua pepe ambayo watu wawili au watatu wanaifungua. Tarehe ya kulipa iandikwe kwenye daftari la mhasibu pamoja na kodi ya nyumba, na pakiwezekana lilipiwe miaka kadhaa kwa mara moja. Neno la siri lisibaki kichwani mwa mtu mmoja. Na ndani ya biro, karatasi moja ibandikwe ukutani karibu na ruta: kila mashine, jina lake, namba yake, na tarehe orodha hiyo ilipoandikwa mara ya mwisho.

Hiyo tarehe ya mwisho ndiyo yenye kazi kubwa kuliko yote. Orodha ya Menlo Park ilishindwa kwa sababu ilichelewa. Mwisho wa .zr ulifutwa kwa sababu nchi ilibadilika. Domeni ya serveri za .cd ilipotea kwa sababu hakuna aliyeangalia kalenda. Katika visa hivyo vitatu hakuna mashine hata moja iliyoharibika.